Ukiongoza Tamthilia ya Kisayansi Eldoret, Gombaneni Kwenye Mswada

Mwongozaji ameandika chombo cha angani. Mtayarishaji ana pesa za pikipiki. Ugomvi huu upo katika kila tamthilia ya bunilizi ya kisayansi, na mahali pake ni mezani, kabla kamera haijakodiwa.

Kwanza kubalianeni ajabu moja itakayobeba hadithi nzima. Usoni, tamthilia iliyotengenezwa Nairobi mwaka 2013 na Marc Rigaudis pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu cha USIU, ilijengwa juu ya wazo moja: majivu ya volkeno yamelifunika jua Ulaya, na Wazungu sasa ndio wakimbizi wanaokimbilia Afrika. Uso wa mtu anayeombwa karatasi mpakani hauna gharama ya ziada. Wanuri Kahiu naye, katika filamu fupi Pumzi ya mwaka 2009, alichagua uhaba wa maji, akaonyesha jasho likisafishwa ili linyweke. Hata wenye pesa walibanwa: Star Trek ya 1966 ilishindwa kugharamia chombo kinachotua sayarini kila wiki, ndipo wahusika wakafanywa wayeyuke na kutokea chini. Uhaba uligeuzwa kuwa sheria ya ulimwengu wa hadithi, na watazamaji wakaipenda.

Kisha pitieni mswada onyesho kwa onyesho. Yapo yanayotosheka na waigizaji wawili na taa, yanayodai seti au mavazi ya kushonwa, na yatakayomaliziwa kwenye kompyuta. Hayo ya mwisho yahesabuni kwa kila kipindi. Filamu yaweza kumwaga pesa zote kwenye onyesho moja. Tamthilia hurudi wiki ijayo. Ukionyesha jiji la vioo kipindi cha kwanza, cha nane hakiwezi kurudi kwenye mabati bila maelezo.

Mandhari ya huku ni mtaji, na sielewi kwa nini watu hukimbilia studio. Kutoka mjini hadi Iten ni kama kilomita 35, na hapo ardhi inaporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Sayari mbili kwa mafuta ya siku moja, mradi leseni ya bodi ya filamu, KFCB, iwe mkononi, na kama mna droni, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Msimu wa mvua ndefu, pigeni maonyesho ya nje asubuhi. Mvua ya alasiri juu ya mabati humeza mazungumzo yote, na jua huzama karibu saa moja kasorobo bila kusubiri mtu.

Siku za kupiga picha zitachelewa tu. Kwa hiyo andaa mapema orodha ya picha unazoweza kuziacha, ukianzia na ile isiyokuuma. Mtayarishaji aseme ni saa ngapi zipunguzwe; wewe ndiwe useme ni picha gani. Msibishane mbele ya waigizaji, kwani wakishajua maamuzi yana milango miwili, watabisha hodi kwenye ule wenye majibu matamu.

Mkataba utaje siku zako za kuhariri kila kipindi, na kwamba maoni ya mtayarishaji yatakuja kwa maandishi, mara moja, baada ya hapo. Mkataba usiposema lolote, mhariri atamsikiliza anayemlipa, nawe utakiona kipindi chako siku moja na watazamaji.