Ukitaka Shamba la Porini Mashuuru

Nianze na lile ambalo mabroka hulificha: ukinunua shamba Kenya, hununui wanyama waliomo. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwezi wa Mei 1977, na tangu hapo hakuna serikali iliyoufungua. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ilikaza kamba zaidi. Kuwinda kwa burudani ni kosa, kuwinda kwa kitoweo ni kosa, na kuuza nyamapori ni kosa. Haijalishi kwamba swala amesimama ndani ya mipaka yako, wala kwamba bunduki yako ina leseni. Kwa hiyo broka wa Kitengela akikunong'oneza kwamba kule Mashuuru, Kajiado, mtu hujipigia swala wake wa Krismasi bila maswali, achana naye na utafute mwingine. Anayekudanganya kuhusu sheria hiyo atakudanganya kuhusu hati pia.

Wengine hufikiri jibu liko ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Ni kweli Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni, lakini vitalu vya uwindaji hugawiwa chini ya usimamizi wa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na ardhi yenyewe hubaki ya umma. Kitalu hukodishwa kwa muda. Hakiuzwi.

Kinachouzwa Mashuuru ni kitu kingine, na mimi nakiona kuwa bora: ekari kadhaa za migunga na nyasi, kati ya barabara ya Namanga na ile ya Mombasa, mahali unapoweza kupiga hema, kuamka na kuona twiga, na kuvua samaki katika bwawa ulilolichimba mwenyewe. Ukiridhika na hilo, soma mbele.

Nenda ukalitazame shamba wakati wa kiangazi, Septemba au mapema Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Mwezi wa Mei kila shamba la Kajiado ni kijani na kila muuzaji ni mkweli. Septemba ndipo utajua kama kuna nyasi au ni mchanga na ipomea, lile gugu linalosonga malisho. Tembea kwa miguu, usizungushwe kwa gari. Angalia migunga: ikiwa matawi yameliwa sawasawa kama yamekatwa na fundi, juu sana kuliko mbuzi anavyofikia, twiga hupita hapo. Mavi ya tembo yanaonyesha njia kutoka upande wa Amboseli na Chyulu. Pita kwenye vichaka na mapito membamba ukitafuta vitanzi vya waya. Ukivikuta, jua kuna wawindaji haramu jirani. Toa taarifa kwa shirika la wanyamapori, KWS, na ulifikirie upya shamba hilo.

Kisha tafuta mchungaji, si yule aliyeletwa na broka. Msalimie, kaeni kivulini, na umuulize swali moja: "Mzee, mwezi kama huu ng'ombe wako hunywa wapi?" Jibu lake litakueleza habari za maji kuliko tangazo lolote. Akikuambia anatembea nusu siku, umeshajua bei halisi ya shamba ni bei ya muuzaji pamoja na gharama ya maji.

Sasa hati. Hapa ndipo watu wa mjini hulia, na sababu yake ni ya kihistoria. Sehemu kubwa ya Kajiado ilisajiliwa kama ranchi za kikundi chini ya sheria ya 1968. Majina kama Olkarkar na Merueshi yanatoka enzi hizo. Baadaye ranchi nyingi zikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Ugawaji haukwenda sawa kila mahali. Kuna waliopata hati, kuna walioonyeshwa kipande tu kwa kidole, na kuna walioishia na kesi mahakamani. Mtu anaweza kuwa mwanachama wa kweli, mwenye heshima zake kijijini, na bado asiwe na kitu cha kukuuzia leo. Ardhi ambayo bado ni ya jamii inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na haiwezi kuuzwa bila kuungwa mkono na angalau thuluthi mbili ya wanachama watu wazima waliosajiliwa. Mwenyekiti wa kamati kutia sahihi peke yake hakutoshi, hata akiwa na mhuri.

Kwa hiyo, kabla ya amana, kabla ya soda ya shukrani, wakili wako afanye upekuzi rasmi wa hati ya shamba hilo katika masijala ya ardhi ya Kajiado. Jina lililo katika rejista liwe la yule unayezungumza naye. Ikiwa ni la marehemu baba yake, usinunue kutoka kwa mtoto kabla mahakama haijathibitisha urithi, hata ndugu wote wakikuapia kwamba wamekubaliana. Uliza kama kuna mkopo wa benki au zuio. Chukua ramani ya masijala, tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, na umlipe wewe, si muuzaji. Akuonyeshe kila bikoni ya mpaka ardhini. Mashuuru shamba moja la migunga linafanana na lingine, na kuna watu waliojenga kwenye ardhi ya jirani kwa sababu walionyeshwa kilima kisicho chao. Hakikisha pia kwamba barabara ya kufikia shamba imo katika ramani. Njia ya kupitia kwa jirani kwa hisani hufungwa siku hisani inapoisha.

Mashamba haya ni ya kilimo na malisho kisheria, hivyo mauzo lazima yapate idhini ya bodi ya ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kuandikwa; bila idhini, mauzo ni batili, na utabaki kudai pesa zako kama deni. Wengi huiona bodi kama usumbufu. Mimi naona ni rafiki wa mnunuzi, kwa sababu hapo mke na watoto wa muuzaji huweza kusimama na kusema kama walijua. Idhini ya mwenzi inatakiwa na sheria hata hivyo. Ukiona muuzaji anataka mambo yaishe bila familia yake kuja bodini, rudi nyumbani. Familia ambayo malisho yake yameuzwa bila kushirikishwa haitakuacha ulale, na haki itakuwa upande wake.

Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, asilimia 4 kwa ya mjini. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Iandikwe hivyo kwenye mkataba ili isije ikakugeukia. Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99 kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na kwa ardhi ya kilimo kikwazo ni kikubwa zaidi, kwa hiyo aanze kwa wakili kabla ya kuanza kutafuta shamba.

Kuhusu ukubwa, nasema wazi: ploti ya futi hamsini kwa mia si shamba la porini. Hakuna twiga atakayekuja kwenye ploti. Kama mfuko wako hauruhusu zaidi ya ekari moja au mbili, tafuta marafiki mnunue kipande kimoja kikubwa pamoja, mwandikishe kampuni au chama, na mkubaliane kwa maandishi kwamba hakitakatwa.

Sababu iko Kitengela kwenyewe. Nyumbu na punda milia walikuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi msimu wa mvua na kushuka hadi nyanda za Kaputiei. Zikaja ploti, zikaja nyaya za seng'enge, na njia zikazibwa moja baada ya nyingine. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, wasiuze, na waache wanyama wapite. Ulisaidia, lakini bei ya ploti ilikuwa na nguvu kuliko dola 4. Leo anayekwenda Kitengela kutafuta nyumbu atakuta maduka ya vifaa vya ujenzi. Mashuuru bado haijafika huko, na kila mnunuzi mpya anaamua kwa ua wake kama itafika.

Basi zungushia ua nyumba, hema na bwawa. Shamba liache wazi. Mipaka yako italindwa na bikoni na hati. Miti michache iliyopakwa chokaa pembeni inatosha kuionyesha.

Tuje kwenye samaki. Mito mingi ya huku ni ya msimu: hushuka kwa kishindo siku chache, kisha hubaki mchanga, na malori ya kuuchota. Usinunue shamba kwa sababu "lina mto" ukidhani utavua humo. Utavua katika maji uliyoyakusanya mwenyewe. Kipimo kilichozoeleka Kenya, tangu mpango wa serikali wa 2009 wa mabwawa ya samaki, ni bwawa la mita 300 za mraba kwa vifaranga 1,000 vya tilapia. Sasa piga hesabu ya jua. Katika eneo kavu kama hili maji ya wazi hupoteza zaidi ya mita moja na nusu kwa mwaka kwa mvuke. Kwa bwawa hilo ni lita 450,000, yaani bauza 45 za lita 10,000. Mvua ikirudisha theluthi, bado unahitaji bauza 30, bila kuhesabu yanayovuja. Ndiyo maana silanga inayokusanya maji ya mteremko ni lazima, na bwawa la samaki liwe chini yake.

Jaribu udongo kabla ya kuleta trekta. Chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji jioni, lirudie asubuhi. Likiwa kavu, utahitaji kulitandika bwawa karatasi nzito ya plastiki. Ukifikiria kisima, agiza kwanza uchunguzi wa mtaalamu wa maji ya ardhini, omba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na upime floridi: maji ya visima vingi vya Kajiado yana nyingi, na huharibu meno ya watoto.

Vifaranga nunua kwa mzalishaji anayejulikana. Kituo cha serikali cha Sagana ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza. Chagua madume pekee, la sivyo tilapia watazaana hadi bwawa lijae samaki wa ukubwa wa kidole. Wengine huongeza kambare wachache ili wale watoto wa tilapia. Mfuko wa vifaranga ukifika, uelee kwanza juu ya bwawa hadi joto la maji lilingane, ndipo ufungue. Funika bwawa kwa wavu, kwa sababu mnandi na kulasitara watakuja, na sheria ya 2013 inawalinda nao. Baada ya miezi sita hadi minane utashika ndoano.

Jenga birika la kunyweshea mbali na bwawa, liwe wazi kwa mifugo ya majirani. Katika ukame wa 2022, kati ya Februari na Oktoba, serikali ilihesabu tembo 205 na nyumbu 512 waliokufa nchini, na Amboseli ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Ng'ombe walikufa pia, na wenye ng'ombe ndio majirani zako. Mwaka kama huo ukirudi, watakuja na mifugo yao mlangoni. Kubalianeni mapema, mbele ya wazee na chifu, ni siku gani watanyweshea na upande upi watalisha, na myaandike.