Makundi ya Ngoma ya Vijana: Tuyahesabuje?



Vijana wa hapa Oruchinga, na wenzao wa Nakivale, huniuliza mara nyingi: "Mwalimu, zamani palikuwa na makundi mangapi ya vijana wapigao ngoma?" Swali ni fupi, lakini jibu lake lataka kazi. Wako watu wanaojibu upesi, "Hapakuwa na kundi hata moja, ngoma zililetwa na Warundi mwaka wa 2015." Wengine husema, "Yalikuwa mengi mno." Majibu yote mawili hayatufai, kwa kuwa hayana daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ngoma nayo ni mali. Basi katika somo hili nitaeleza njia ya kuitafutia daftari lake.

La kwanza ni kujua tunahesabu kitu gani. Watoto watatu wakipiga madumu matupu nyuma ya nyumba, je, hilo ni kundi? Na kwaya iliyokuwa na ngoma moja, je? Hapana budi kuweka kanuni kabla ya kuanza. Kanuni yangu ni hii: kundi ni vijana wasiopungua watano, wenye kiongozi, waliopiga ngoma pamoja mbele ya watu kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ninyi mwaweza kuweka kanuni nyingine, lakini msiibadilishe katikati ya kazi. Wala msidai ngoma ziwe za mti na ngozi. Mkimbizi hapiti mpakani na ngoma nzito kichwani. Kijana mwenye dumu na fimbo mbili aliweza kuwa mpigaji hodari.

La pili ni lugha ya kuulizia. Siku moja nilimwuliza bibi mmoja kama alipata kuona kundi la vijana wa ngoma katika ujana wake. Akasema, "Hapana, mwanangu." Nikamwuliza tena, "Basi, bibi, ni nani waliopiga ngoma harusini?" Hapo akaanza kuwataja mmoja mmoja, na mahali walipokaa. Neno "kundi" halikumwambia kitu. Mnyarwanda huenda akalijua kwa jina la itorero, na Mrundi huwaita wapigaji abatimbo. Jihadharini pia na neno ingoma. Katika Kinyarwanda na Kirundi lina maana ya ngoma, na tena lina maana ya ufalme au utawala. Ukimwuliza mzee habari za ingoma za zamani, pengine atakuhesabia wafalme!

La tatu ni kupata miaka. Wazee wengi hawakumbuki tarehe, lakini hukumbuka mambo makubwa. Makazi ya Nakivale na Oruchinga yalipokea wakimbizi wa machafuko ya Rwanda ya mwaka wa 1959. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Falme za Uganda zilifutwa mwaka wa 1967. Mwezi wa Oktoba 1982 watu wa asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao katika nchi ya Ankole, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia makazi haya ya zamani au wakavuka kwenda Rwanda. Mwaka wa 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi, wengi wa wakimbizi wa kale walianza kurudi kwao. Mwaka wa 2015 machafuko ya Burundi yakaleta wageni wapya. Basi usimwulize mzee, "Ilikuwa mwaka gani?" Mwulize, "Mlikuwa mkipiga kabla ya watu kufukuzwa, au baada yake?" Atakujibu bila shida.

La nne ni vitu na karatasi. Tazameni picha za zamani, vitabu vya kanisa, na madaftari ya shule yenye habari za sikukuu. Lakini angalieni majina ya mahali. Leo sisi tumo katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Na kabla ya 1967 palikuwa na ufalme wa Ankole, ambao ngoma yake kuu iliitwa Bagyendanwa. Atafutaye karatasi za mwaka wa 1964 chini ya jina la wilaya ya Isingiro hatapata kitu, naye atadhani hazipo.

Mipigo pia ni ushahidi. Katika upigaji wa Kirundi ngoma husimamishwa kwa nusu duara, na hesabu yake huwa witiri. Ngoma ya katikati huitwa inkiranya, nayo ndiyo iongozayo. Amashakwe hushika mwendo usiokatika, na ibishikizo hufuata inkiranya. Mzee akikumbuka nusu duara na ngoma moja ya katikati, amekwisha kukueleza kundi lake lilijifunza kwa nani.

La tano ni hesabu yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Tuseme, kwa mfano tu, umepata makundi matatu. La kwanza lilidumu tangu 1968 hata 1982. La pili tangu 1975 hata 1979. La tatu tangu 1981 hata 1994. Ukihesabu kwa miaka kumi kumi, utapata hivi:

Miaka ya 1960: kundi 1.
Miaka ya 1970: makundi 2.
Miaka ya 1980: makundi 2.
Miaka ya 1990: kundi 1.

Ukijumlisha utapata 6, lakini makundi ni 3 tu! Hesabu ya kila kipindi ni ya kweli, ila jumla yake si idadi ya makundi. Kadhalika kundi likibadili jina, lakini kiongozi na ngoma vikabaki vile vile, ni kundi lile lile. Andikeni majina yote mawili katika mstari mmoja.

Tena, msiwasahau wasichana. Kwa desturi ya Burundi ngoma hizi zilipigwa na wanaume, na mwaka wa 2017 serikali ya huko ilikataza kwa amri wanawake wasizipige. Lakini nchini Rwanda kundi la wanawake liitwalo Ingoma Nshya lilianzishwa mwaka wa 2004. Kwa hiyo mkimwuliza mzee, ulizeni pia, "Je, wasichana walipiga?" Asipoulizwa, huenda asiseme.

Kazi ya namna hii imekwisha kufanywa penginepo, ikafaulu. Katika miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu walianzisha ngoma ya beni, wakiiga bendi za kijeshi. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaieneza mbali, na Tanganyika yote ikajua mashindano ya Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger alikusanya habari za vyama hivyo katika karatasi za serikali na maandishi mengine, akatoa kitabu mwaka wa 1975. Beni ilipata kuandikwa kwa sababu watawala waliiogopa, wakaweka barua juu yake. Vijana wetu hawakuogopwa na mtu, basi habari zao zimo zaidi vichwani mwa wazee kuliko makabatini.

Na vichwa hivyo havingoji. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka wa 1965 amekwisha kupita miaka sabini. Wenzake wengi walirudi Rwanda. Wengine wamelala katika makaburi ya hapa. Mwaka wa 2014 ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika ya UNESCO. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini hakuna mtu wa Paris atakayekuja kuandika jina la kijana aliyepiga dumu Oruchinga siku ya Uhuru. Kazi hiyo ni yetu.

Zoezi

1. Wekeni kanuni yenu ya "kundi" kwa sentensi moja.
2. Pigeni mistari ya daftari: jina la kundi, mahali, mwaka wa kuanza, mwaka wa kwisha, aina ya ngoma, wavulana au wasichana, na nani aliyeeleza.
3. Kila mmoja amwendee mzee mmoja, amsalimu kwa adabu, aombe ruhusa kabla ya kuandika. Habari ya mtu mmoja iwekewe alama ya kuuliza mpaka mtu wa pili aithibitishe.
4. Hesabuni kwa miaka kumi kumi, kisha mseme makundi ni mangapi kwa jumla.