Maumivu ya Kifua kwa Kijana

Maumivu ya kifua kwa mtu wa miaka 18 hadi 40 mara nyingi hayatoki kwenye moyo. Kifuani kuna misuli, mbavu, gegedu, mapafu na utando unaoyafunika, umio na mishipa mikubwa ya damu, na vingi kati ya hivyo vinaweza kuuma. Kijana aliyepakua magunia jana, au aliyekohoa wiki nzima, huumwa na misuli ya mbavu. Aliyekula akashiba usiku na kulala papo hapo huamka na kiungulia. Ndiyo maana katika nyumba nyingi maumivu hayo yana jina moja tu, gesi, na dawa yake ni soda au vidonge vya kutuliza asidi kutoka dukani. Mara nyingi familia huwa imepatia. Hatari iko kwenye zile mara chache ambazo haikupatia, kwa sababu jina la gesi likishatamkwa hakuna anayeuliza tena.

Maumivu ya misuli na gegedu huwa na mahali pake: mgonjwa huweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, na pakibonyezwa huuma vilevile. Huongezeka anapojigeuza au kunyanyua mkono. Kiungulia huunguza kuanzia chembe ya moyo kupanda juu, huzidi mtu akiinama au akilala chali, na huacha uchachu mdomoni. Hofu kali nayo hubana kifua, moyo ukaenda mbio, vidole na midomo vikafa ganzi. Lakini hofu ni jibu linalofikiwa baada ya mengine kuchunguzwa. Kumwambia msichana anayehema kwamba ana mawazo tu, kabla hajapimwa, ni kubahatisha. Wala nafuu baada ya kunywa dawa ya asidi haithibitishi kwamba moyo ni mzima, kwani maumivu ya moyo huweza kupoa yenyewe kwa muda kisha yakarudi.

Magonjwa yanayojificha kwa vijana

Mshtuko wa moyo, yaani mshipa unaolisha moyo kuziba, hutokea zaidi kwa wazee, ila kijana haepuki kabisa. Sigara, kisukari, presha, mafuta mengi ya kurithi katika damu, kokeini na maambukizi ya VVU huongeza uwezekano. Hata hivyo, anayemfikiria kijana wa Afrika Mashariki hana budi kutazama mbali zaidi ya mshtuko wa moyo, maana orodha yake si ile ya mzee.

Kichomi, yaani maumivu makali yanayochoma kila anapovuta pumzi, kikifuatana na homa na kikohozi, huashiria nimonia. Kikohozi kikizidi wiki mbili, pakawa na jasho la usiku na kukonda, kifua kikuu lazima kipimwe. Kifua kikuu hakiishii kwenye mapafu: huweza kujaza maji kati ya pafu na mbavu, na katika Afrika kusini mwa Sahara ndicho chanzo kikuu cha ugonjwa wa utando unaouzunguka moyo. Mwenye ugonjwa huo mara nyingi huumia zaidi akilala na hupata nafuu akikaa na kuinama mbele. Maji yakizidi ndani ya utando huo, moyo hukosa nafasi ya kujaa damu.

Kijana mrefu, mwembamba, hasa mvutaji sigara, anaweza kupata maumivu ya ghafla upande mmoja na kuishiwa pumzi kwa sababu pafu limetoboka na hewa imevuja. Damu iliyoganda mguuni huweza kusafiri hadi kwenye pafu, jambo linalotokea zaidi baada ya kujifungua, upasuaji, mguu kufungwa plasta au safari ndefu ya basi, na kwa baadhi ya wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mguu mmoja uliovimba na kuuma ni dokezo kubwa. Kwa mgonjwa wa selimundu, maumivu ya kifua yenye homa au kuhema ni dharura, hata kama yeye na nyumba nzima wamezoea maumivu.

Mzazi anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi takriban miezi mitano baada ya kujifungua, misuli ya moyo inaweza kulegea bila ugonjwa wa awali. Mama hushindwa kulala bila mito mingi, huamka usiku akitafuta pumzi, na miguu yote miwili huvimba. Kwa bahati mbaya, jamaa huona hayo kama uchovu wa kunyonyesha.

Misuli ya moyo huweza pia kuvimba wiki moja au mbili baada ya mafua makali, na wapo wanaozaliwa na moyo wenye kuta nene. Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kamerun, alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28, na uchunguzi wa mwili ulionyesha hali hiyo ya kurithi. Kwa hiyo kijana anayeumwa kifua au kuzimia akiwa katikati ya mazoezi aache michezo hadi apimwe. Familia pia ijiulize kama kuna ndugu aliyeanguka na kufa ghafla akiwa kijana, hata kama kifo chake kilielezwa kwa sababu nyingine.

Wakati wa kwenda hospitali mara moja

Safari haisubiri asubuhi ikiwa kifua kinabana kama kimewekewa uzito na maumivu yanaenda begani, mkononi, shingoni au tayani. Ikiwa mgonjwa anatokwa na jasho jembamba, anatapika, anahema, amezimia, anakohoa damu au midomo imebadilika rangi. Na ikiwa maumivu yameanza ghafla kwa ukali kama kitu kinachochanika na kuelekea mgongoni.

Mgonjwa akae akiwa ameegemea, asitembee wala kuendesha chombo mwenyewe. Gari au bajaji ni salama kuliko bodaboda, kwani anaweza kuzimia njiani. Zahanati nyingi hazina kipimo cha ECG kinachorekodi umeme wa moyo. Hospitali ikiwa karibu, iendewe moja kwa moja. Kwa maumivu ya kubana, mtu mzima anaweza kutafuna aspirini ya miligramu 300, isipokuwa kama dawa hiyo humdhuru, ana vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, au maumivu ni yale ya kuchanika.

Mapokezi wasiambiwe "ana gesi". Waambiwe maumivu yalianza saa ngapi, yakoje, na yanafuatana na nini, kisha wapewe dawa zote anazotumia. ECG inapaswa kufanyika ndani ya dakika 10 tangu kufika. Ikiwa ya kwanza ni nzuri, huenda ikarudiwa, na damu ikapimwa troponini, yaani protini itokayo kwenye misuli ya moyo iliyoumia, zaidi ya mara moja, kwa kuwa kiwango chake huchukua saa kadhaa kupanda. Kipimo cha eko huonyesha kuta za moyo na maji yanayouzunguka. Eksirei ya kifua huonyesha mapafu.

Akianguka na kuacha kupumua kabla ya msaada, mtu mmoja aite gari na mwingine abonyeze katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana bila kusita. Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani apewe nakala ya ECG aitunze, na arudishwe hospitali saa yoyote maumivu yakirudi kwa nguvu au pumzi ikianza kumpungukia.