Mbwa Amezapo Mawe

Mbwa kumeza kitu kisicho chakula ni jambo ambalo watu wa Nachingwea na Ruangwa hulishuhudia mara nyingi bila kulitafakari. Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, hutafuna viatu kwa mchezo. Mbwa mwenye njaa humeza tambara lenye harufu ya mchuzi, nalo laweza kuziba utumbo wake. Lakini mbwa mzima anayeanza ghafula kumeza mawe, vijiti na udongo, huku tabia yake ikibadilika, hana budi kushukiwa kuwa na kichaa cha mbwa.

Kwa nini? Virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate, na huingia mwilini kwa njia ya jeraha. Husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha hufika kwenye tezi za mate. Ubongo ukiharibika, mnyama hushindwa kupambanua chakula na kisicho chakula. Ndiyo maana tumbo la mbwa aliyekufa kwa kichaa likipasuliwa, huweza kukutwa mawe na vijiti.

Baadaye misuli ya koo na taya hupooza, na mate hutiririka. Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka: mwenye mbwa hudhani kuwa mfupa umekwama kooni, akatia mkono kinywani autoe. Mate yakigusa mchubuko mdogo tu, yaweza kumwambukiza. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona.

Uchunguzi uliofanywa katika mikoa ya Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 ulionyesha kuwa ugonjwa huu huwapata mbwa na pia mbweha wa porini. Kinga iliyo bora ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia kwa vipindi.

Aliyeumwa au kuguswa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali upesi kupata chanjo. Mbwa asiguswe, bwana mifugo aarifiwe.

Maswali
1. Kwa nini mkono wenye mchubuko ni hatari kinywani mwa mbwa mgonjwa?
2. Eleza safari ya virusi kutoka jeraha hadi mate.