Maradhi ya Samaki Wadogo wa Maji Baridi: Kuyatambua, Kuyatibu na Kuilinda Mikono ya Mfugaji

Samaki wa maji baridi ni samaki wa maji yasiyo na chumvi. Katika Mtae, ukingoni mwa Milima ya Usambara Magharibi, jina hilo lina maana ya pili, kwani kati ya Juni na Agosti maji ya chemchemi huwa baridi kwelikweli. Wengi wa samaki wadogo wanaofugwa katika matangi ya kioo asili yao ni nchi za joto. Miongoni mwao ni *Nothobranchius guentheri* wa Unguja, ambaye huishi katika vidimbwi vya msimu na mayai yake husubiri mvua ndani ya tope kavu. Samaki wa namna hii akiletwa milimani, baridi hudhoofisha kinga yake kabla kimelea chochote hakijamfikia.

Kuchunguza kabla ya kutibu

Samaki mzima hula kwa hamu, huogelea kwa utulivu na hukunjua mapezi yake. Dalili za kwanza za maradhi ni kukataa chakula, kukunja mapezi, kujitenga na kujisugua kwenye mawe. Samaki anayehemea juu ya maji au anayepeleka matamvua mbiombio ana shida ya kupumua, na mara nyingi chanzo chake ni maji yenyewe.

Ikiwa samaki wote wameugua kwa wakati mmoja, mfugaji na ashuku maji kwanza. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia, sumu inayounguza matamvua. Katika tangi lililokomaa, bakteria wema walioko kwenye changarawe na chujio hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha, nao huhitaji majuma kadhaa kuongezeka. Tiba ya hali hii ni kubadilisha robo hadi theluthi ya maji, kupunguza chakula na kuosha chujio kwa maji ya tangi lenyewe, si kwa maji ya bomba yenye klorini, ambayo huua bakteria wema. Maji yenye klorini yawekwe wazi kwa siku nzima kabla ya kutumika. Maji ya chemchemi nayo yakae ndani ya nyumba hadi joto lake lilingane na la tangi, kwa kuwa badiliko la ghafla ni ugonjwa peke yake.

Maradhi manne ya kawaida

*Madoa meupe.* Mwili huonekana kama umenyunyiziwa chembe za chumvi. Kimelea chake, *Ichthyophthirius multifiliis*, hujificha chini ya ngozi ya samaki, kisha huanguka na kuzaana chini ya tangi, na watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huwaua hao wanaoogelea tu. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi mzunguko huo huchukua takriban siku 3 hadi 6; katika nyuzi 15 huchukua siku 10 au zaidi. Ndiyo maana tiba inayotosha Tanga mjini hukatishwa mapema mno Mtae: madoa hutoweka, mfugaji huacha dawa, na ugonjwa hurudi kwa nguvu.

*Vumbi la dhahabu.* Chembe ni ndogo zaidi, za manjano, na huonekana vyema kwa tochi katika giza. Samaki wa jamii ya *Nothobranchius* hushambuliwa nalo kwa urahisi. Kimelea hiki hutumia mwanga kama mmea, hivyo tangi lifunikwe gizani wakati wa tiba.

*Kuoza kwa mapezi.* Kingo za mapezi hufifia na kuchanika. Bakteria huingia pale ambapo maji ni machafu au samaki amejeruhiwa.

*Ukungu.* Vishungi kama pamba huota juu ya kidonda au kwenye mayai yaliyokufa.

Kipimo cha chumvi

Chumvi ya kawaida isiyo na viungo husaidia katika hatua za mwanzo. Tangi lenye urefu wa sentimita 50, upana 30 na kina cha maji 30 lina lita 45. Kwa kipimo cha gramu 2 kwa lita, huhitaji gramu 90, zikiyeyushwa kando na kutiwa kwa awamu tatu ndani ya siku moja. Chumvi haipotei kwa mvuke. Kwa hiyo lita 15 zikibadilishwa, hurudishwa gramu 30 tu. Kambale wadogo na mimea ya majini huvumilia chumvi kidogo, hivyo samaki wagonjwa wa jamii nyingine ni bora wahamishiwe chombo cha pekee.

Kumimina tangini vidonge vya tetrasaiklini au amoksilini vilivyobaki nyumbani ni kosa kubwa. Dozi haijulikani, bakteria wema hufa, na maji yanayomwagwa bustanini hueneza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao mwishowe humrudia binadamu. Dawa za viuavijasumu ziamuliwe na daktari wa mifugo.

Ugonjwa unaomfikia mfugaji

Samaki anayekonda, kupinda mgongo na kupata vidonda visivyopona huenda ana *Mycobacterium marinum*, bakteria aliyeelezwa mwaka 1926 kutokana na samaki waliokufa huko Philadelphia, Marekani. Huingia kwa binadamu kupitia mchubuko. Baada ya majuma 2 hadi 4 hivi, kivimbe kisicho na maumivu makali hutokea kidoleni au mkononi, na vingine huweza kufuata mstari kuelekea kiwiko.

Mhudumu wa afya aonapo kivimbe cha aina hii kisichosikia dawa za kawaida, aulize: "Je, unafuga au unashika samaki?" Swali hilo huokoa miezi ya tiba isiyofaa. Bakteria huyu huota vizuri katika nyuzi 30 hivi kuliko 37, kwa hiyo maabara iarifiwe. Kipimo cha GeneXpert cha kifua kikuu hakimtambui. Kwa kawaida haambukizi kutoka mtu hadi mtu, na mgonjwa hapaswi kutengwa. Hutibika, lakini kwa dawa za miezi kadhaa chini ya daktari. Wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU, wapewe rufaa mapema.

Ya kukumbuka

Samaki mgeni atengwe majuma 3 hadi 4 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Katika miezi ya baridi muda huo uongezwe. Mwenye jeraha mkononi avae glavu au amwachie mwingine kazi ya kusafisha tangi. Maji ya tangi yasivutwe kwa mdomo kupitia mpira, wala yasimwagwe kwenye karo la vyombo. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Na kwa Mtae, kipimajoto kitangulie kununuliwa kabla ya samaki.