Umaskini Hupimwaje, na Kaya ya Songwe Ianzie Wapi Kuupunguza?

Anayepita Tunduma, mpakani mwa mkoa wa Songwe, kuelekea Nakonde upande wa Zambia huona foleni ya malori, maduka yaliyojaa bidhaa na fedha za nchi mbili zikibadilishwa mkono kwa mkono. Ni rahisi kudhani umaskini haupo. Lakini fedha kupita mjini si kuingia nyumbani, na umaskini hupimwa nyumbani.

Kipimo cha taifa

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Kinachopima umaskini hasa ni matumizi. Kipato cha mkulima wa kahawa wa Mbozi au cha kibarua wa mpakani hupanda na kushuka, ilhali kula ni kila siku. Hata mahindi na maharage ya shambani yanayoliwa nyumbani hupewa thamani ya fedha na kuhesabiwa.

Mwaka 2017/18, mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani takriban 1,640 kwa siku. Asilimia 26.4 ya watu waliishi chini yake: vijijini asilimia 31.3, mijini 15.8. Bei zimepanda tangu hapo, kwa hiyo kiasi hicho kisichukuliwe kuwa kipimo cha leo.

Pima kaya yako

Kwa mwezi mmoja, andika daftarini chakula mlichonunua, chakula cha shambani kwa bei ya soko, kodi, mavazi, shule, matibabu na nauli. Andika pia siku mlizopunguza mlo. Mtaona fedha inakovujia na siku ambazo chakula huanza kupungua. Wakati wa mavuno, tengeni kwanza magunia ya kula hadi msimu ujao, ndipo muuze yanayobaki.

Milango ya msaada

*TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii).* Kaya maskini za kusaidiwa hutambuliwa katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha huhojiwa kwa dodoso. Asiyehudhuria huenda asitajwe. Jirani mzee, mgonjwa au mwenye ulemavu asiyeweza kufika, msemee.

*Mikopo ya asilimia 10.* Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Undeni kikundi, andaeni katiba na akaunti ya benki, kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kopeni kwa biashara mnayoijua, si kwa matumizi ya nyumbani.

*Mkutano mkuu wa kijiji.* Huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ulizeni mapato na matumizi, maji, zahanati na barabara. Kaya inayotembea mbali kutafuta maji hupoteza saa ambazo zingeiingizia kipato, na hilo haliwezi kutatuliwa na daftari la mtu mmoja.