Rimoti ya Kiyoyozi Tukuyu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Masharti haya yanawahusu wenye nyumba za kulala wageni, wahudumu wao, na mgeni mwenyewe anayelala na rimoti chini ya mto. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake haina adabu, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi huingia mpaka ndani ya godoro. Kyela, kule chini kwenye Ziwa Nyasa, iko karibu mita 1,000 chini yetu, na huko watu wanatafuta ubaridi. Anayekuja kuendesha kiyoyozi hapa kwa mazoea ya Kyela au Dar es Salaam atamaliza Luku huku anatetemeka.

ANZA na alama. Bonyeza kitufe cha MODE polepole, mara moja moja, uangalie kinachotokea kwenye kioo. Theluji ni kupoza, tone la maji ni kukausha hewa, feni ni kupuliza tu, jua ndilo joto. Jua lisipotokea hata baada ya kuzunguka alama zote, mashine yako ni ya kupoza tu. Nyingi zinazouzwa Dar es Salaam ni za namna hiyo, maana nani kule anaomba joto? Tahadhari: zile rimoti za dukani zinazokubali mashine za kila aina huonyesha jua hata pale ambapo mashine haina uwezo huo. Soma kibandiko cha mashine yenyewe, na mwenye nyumba akisome kabla hajalipa, si baada ya fundi kutoboa ukuta.

USIPANDISHE namba hadi 30 ukiwa kwenye theluji ukidhani unaagiza joto. Kosa hili ndilo linaloongoza. Kwenye theluji, 30 ni kuiambia mashine isipoze mpaka chumba kipite digrii 30, na chumba cha Tukuyu mwezi wa saba hakifiki huko hata kwa dua. Kompresa inalala, feni inakupulizia hewa ile ile ya ubaridi, halafu asubuhi unamgombeza mhudumu kwamba mashine ni mbovu.

WEKA jua, kisha digrii 20 hadi 22. USIWEKE 30 kwa kutaka haraka. Namba huipa mashine mahali pa kusimama tu, haiiongezei mwendo.

SUBIRI. Ukishawasha joto, feni ya ndani hukaa kimya dakika kadhaa mpaka mabomba yapate moto, isije ikakumwagia baridi usoni. Usiku wa ukungu mzito inaweza pia kunyamaza ghafla kwa muda: inayeyusha barafu iliyoganda kwenye mashine ya nje. Usiivurugevuruge kwa rimoti. Maji yakitiririka chini ya mashine ya nje wakati wa joto, yaache. Yakidondoka ndani, juu ya kitanda, wakati wa kupoza, huenda bomba la kutolea maji limeziba, ita fundi.

ELEKEZA hewa ya moto chini, hewa baridi juu. Hewa ya moto hupanda yenyewe, na chumba kisicho na dari kitaipeleka yote kwenye bati. Mwenye nyumba, piga dari kwanza.

USIDHANI jua linakula umeme kuliko hita ya koili. Hita hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto, basi. Kiyoyozi huchota joto lililomo kwenye hewa ya nje (hata ya digrii 10 inalo) na kulihamishia ndani, hivyo kwa uniti moja kinaweza kukupa joto la uniti tatu hivi. Huo ndio utetezi wake pekee katika mji huu, na ni utetezi mzuri.

USIAMINI kioo cha rimoti. Kinaonyesha ulichoagiza, hakijui mashine imesikia nini. Ukibonyeza ukiwa umeelekeza kwenye pazia, kioo kitasema 22 na mashine itabaki na yake. Elekeza sawasawa, ungoje mlio. Usiposikia kitu, tazama ncha ya rimoti kupitia kamera ya simu huku ukibonyeza: taa ikimemeta, rimoti ni nzima. Isipoonekana, jaribu kamera ya mbele. Ikikosekana huko nako, badilisha betri, zote mbili kwa pamoja.

ZIMA kwa rimoti, kisha kwenye swichi ya ukutani. Usianze na ukuta. Radi ikianza kunguruma, kumbuka kwamba rimoti haikati umeme. Swichi ndiyo inayokata. Umeme ukirudi, kaa dakika tatu kabla ya kuwasha.

Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili.

USIINGIZE jiko la mkaa chumbani. Hapa sina mzaha. Mtu aliyeshindwa kupata joto kwa rimoti, na ambaye tayari ameziba madirisha na matundu ili kiyoyozi kifanye kazi, ndiye anayeagiza jiko saa nne usiku. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kiyoyozi cha ukutani hakiiondoi, kwa kuwa hakileti hewa mpya. Kinazungusha ile ile iliyomo. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kuja, fungua mlango, watoe wote waliolala, muende hospitali. Mwenye nyumba, mkataze mhudumu wako kupeleka jiko chumba chochote, hata mgeni akiahidi bakshishi. Na kama huwezi kununua mashine yenye jua, nunua mablanketi.